Alama ya Bluu Kagerankanda

Kibondo,
6 Februari 2024

Mdogo wangu Mansuri,

Asalaam aleikum. Najua umeshaanza kucheka: dada ameandika barua, kama vile tuko enzi za marehemu baba. Cheka, ukimaliza usome. Sisi huku tuko salama. Mvua inanyesha mpaka imeanza kuozesha mahindi yaliyochelewa kuvunwa, goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda mlima wa sokoni, na yule kuku mweusi uliyeniletea Idi ya mwaka jana ameangua vifaranga tisa, wamebaki saba. Msalimie wifi yangu Asia. Mwambie vitenge alivyoulizia nimeviona, achague rangi.

Sasa lililonifanya nitafute karatasi. Jumapili Firdausi amekuja nyumbani, mtoto wake Swaumu mgongoni na begi moja mkononi. Hakuniambia kwamba anakuja. Aliyeniambia ni mumewe. Saa sita mchana Hilali alinipigia, sauti ya upole kama kawaida yake: "Shikamoo mama. Mwanao yuko Makere, gari limesimama dakika kumi sasa. Nadhani kwako atafika kwenye saa nane." Nikamwuliza kama ameongea naye. Akasema, "Hapana mama, ninamwona tu." Saa nane na robo mwanangu akabisha hodi.

Firdausi anasema ndivyo wanavyoishi hapo Kasulu. Akitoka kliniki akapita njia nyingine, anaulizwa kwa nini. Akikaa kwa Sophie, yule msusi Mkongo wa karibu na stendi, anapigiwa: umekaa saa moja na nusu, ni kichwa gani hicho? Kesho yake Hilali alikwenda mwenyewe kwa Sophie, akamwomba kwa adabu asimsuke tena mkewe. Simu ni ile ya zawadi ya harusi, ambayo wanawake wote tuliipigia vigelegele ukumbini. Laini ilisajiliwa kwa kidole cha Hilali kwa sababu namba ya NIDA ya Firdausi ilikuwa haijatoka. Usije ukafikiria mengine. Hajamgusa. Ni hayo ya simu tu.

Nimemlaza kwangu siku mbili, na leo alfajiri nimempeleka mahali. Usiniulize ni wapi. Laini ameivunja kwa meno, simu ameizima. Wewe umekaa kwenye kibanda cha laini miaka yote hiyo, basi leo utufae. Mtengenezee laini ambayo Hilali hawezi kuifuata, umpe Esteri wa maharage aniletee. Huja Kasulu kila Jumatano na kurudi Jumamosi, na bahasha zangu nazigundisha kwa ugali, akifungua nitajua.

Na simu tuziogope. Ukinipigia, tuzungumze mvua na kuku. Jina la Firdausi lisitajwe.

Dada yako,
Mwanaamina


Kasulu,
9 Februari 2024

Dada yangu Mwanaamina,

Shikamoo, na waaleikum salaam. Sikucheka. Niliisoma mara mbili nikiwa nimewapa mgongo wateja, mpaka mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Asia anaitikia salamu zako, anataka kitenge cha kijani, si cha manjano. Nurudini wetu ameanza kidato cha kwanza, amevaa suruali ndefu na tangu siku hiyo anatusalimia kama mbunge.

Laini imo ndani ya bahasha, nimeibandika kwenye kipande cha boksi isipotee. Nimeisajili kwa kidole changu na namba yangu ya NIDA, kwa hiyo mtu akiichunguza itamwambia Mansuri, basi. Dada, miaka tisa nauza laini. Nakuhakikishia mtu anafuatwa kwa laini yake, na ukiivunja umemwacha njiani anayekufuata. Mwambie aitie kwenye simu yake ileile, aiwashe, atulie. Nimemwekea na kifurushi cha intaneti cha mwezi mzima, zawadi ya mjomba, amwoneshe Swaumu katuni.

Hilali amepita hapa kibandani juzi na jana. Hapigi kelele. Anakaa kwenye benchi, anakunywa kahawa, anauliza kama nimesikia lolote. Amekonda. Nami nitasema neno ambalo utanikasirikia: mwanamume anayetaka kujua mkewe yuko wapi, kosa lake hasa ni lipi? Amezidisha, sawa. Lakini umesema mwenyewe hajamgusa. Hapa Murubona kuna ndoa ambazo tungeshukuru kama zingekuwa na ugonjwa huo peke yake. Hili ni jambo la kukaa kikao, pande mbili, likaisha kabla ya Ramadhani.

Na mimi ni mjomba wake. Nadhani ilinipasa kujua alipo.

Wako,
Mansuri


Kibondo,
21 Februari 2024

Mansuri,

Marahaba. Vifaranga sasa ni sita, kicheche kapita. Goti limepoa kwa mafuta ya nyonyo. Kitenge cha kijani kimo kwenye mfuko wa Esteri, na Asia asilalamike kwamba kimeiva sana, ndiyo rangi yake.

Laini imefika na ameitia. Mungu akulipe, na kifurushi pia. Juzi nilimpelekea unga na sabuni, nikamkuta amekaa uani na mwenyeji wake wanachambua maharage, kichwa wazi, miguu ameinyoosha. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona mwanangu amekaa hivyo. Swaumu kafundishwa kusema "mwakeye" na anamsalimia kila anayepita, hata mbuzi. Firdausi anasema analala mpaka jua linatoka. Nililia njiani wakati wa kurudi, lakini kilikuwa kilio kizuri.

Umeuliza kosa la Hilali ni lipi. Kaa wewe mwezi mmoja, Asia akijua kila kichaka ulichosimama kukojoa, halafu tuongee. Kikao sitaki. Kwenye kikao watu wanakunywa soda, wanatajiana subira, mwanamke anarudishwa. Nimekaa vikao vingi vya namna hiyo, na mara zote nilikuwa upande wa wanaorudisha.

Na alipo sitakwambia. Si kwamba sikuamini. Wewe huwezi kumkatalia mtu aliyekaa kwenye benchi lako, huwezi tangu utotoni. Kitu usichokijua hutahangaika kukificha.

Mwanaamina


Kasulu,
5 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Leo salamu zitakuwa fupi, unisamehe.

Firdausi yuko Kagerankanda. Hukuniambia wewe, wala yeye. Jana baada ya Alasiri Hilali alikuja, akaagiza kahawa mbili, akaiweka simu yake mapajani mwangu. Kulikuwa na ramani, na katikati ya ramani alama ya bluu, ndogo kama punje ya mtama. Akaikuza kwa vidole viwili mpaka nikaona barabara ya vumbi, shule, na nyumba moja iliyojitenga upande wa bondeni. "Mjomba," akasema, "hapa ni Kagerankanda. Ameanza kuonekana tena wiki mbili zilizopita." Ile alama ikasogea kidogo, ikarudi. Nadhani alikuwa anatembea uani. Dada, nilimwona mpwa wangu akitembea, mapajani mwangu hapa, na sikuwa na namna ya kumwambia chochote.

Nikamkumbuka yule bibi Niyomwungere uliyelima naye mihogo kule miaka ile. Kumbe umepita Kasulu mara mbili bila kubisha kwangu. Sikulaumu.

Nilikwenda kwa Evaristi, fundi simu wa sokoni, nikamweleza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Alinitazama kwa huruma. Alisema tatizo si laini, ni simu yenyewe. Hilali alipoinunua aliifungulia kwa imeili yake, na simu hiyo, hata ukiitia laini ya nani, itaendelea kumjulisha mwenye imeili ilipo, mradi ina intaneti. Bila kifurushi isingesema kitu. Kifurushi nilikiweka mimi. Miaka tisa nauza laini, na jambo hilo sikulijua.

Ukipata barua hii mwambie aizime simu, aitumbukize chooni, ahame. Ulikataza kumtaja kwenye simu, kwa hiyo sikukupigia. Yeye pia niliogopa kumpigia kwa namba ile mpya. Sijui tena Hilali anasikia nini na hasikii nini. Esteri anarudi huko Jumamosi.

Hilali hajasema atafanya nini. Anasema anataka tu kujua kama wapo salama.

Mansuri


Kibondo,
14 Machi 2024

Mansuri,

Tumeanza kufunga salama. Hiyo ndiyo salamu yangu.

Barua yako Esteri aliniletea Jumamosi saa kumi jioni. Mwanangu alichukuliwa Alhamisi saa nne asubuhi. Niliisoma nimekaa na Niyomwungere mwenyewe, aliyepanda gari na macho yake yale yenye mtoto wa jicho, bibi wa miaka sabini na kitu, aje aniambie ana kwa ana, kwa sababu na yeye nilimkataza simu.

Nilikukataza kutaja siri kwenye simu. Sikukukataza kupiga. Ungepiga ukasema dada njoo, kuna msiba. Ungesema Asia kaanguka. Ungesema kuku gani sijui, ningeijua sauti yako, ningepanda pikipiki na goti langu hili hili. Ilihitaji dakika moja. Wewe ulikaa ukaandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri, ukangoja gunia la maharage la Esteri lijae.

Najua aliyeweka sharti ni mimi. Nimelirudia kichwani tangu Jumamosi, nikipika, nikiswali. Tuliiogopa simu mpaka tukashindwa kuitumia siku ambayo ingetusaidia. Nakukasirikia wewe kwa sababu nikijikasirikia mwenyewe sitainuka kitandani.

Niyomwungere anasema walikuja na gari dogo jeupe. Walimsalimia vizuri. Firdausi alikuwa ameshajifungia ndani kwa komeo, amemkumbatia Swaumu asilie. Hilali aliita, hakujibu. Aliita tena, akabembeleza, hakujibu. Ndipo mtu wa pili, aliyekuwa amebaki karibu na gari, akasogea mlangoni akasema maneno mawili matatu, na Firdausi akafungua mwenyewe. Niyomwungere hakuuona uso wake. Aliona kanzu.

Mtu wa pili alikuwa nani?

Mwanaamina


Kasulu,
23 Machi 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na Ramadhani iwe na kheri kwako. Huku tunafunga vizuri. Mvua imekuwa nyingi mpaka maji yameingia kwenye stoo ya msikiti, tumetumia Jumamosi nzima kuanika mikeka. Nurudini anafunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza, na kila ikifika Adhuhuri anajilaza sebuleni ili sote tumwone anavyoteseka. Asia amekishona kitenge, kimempendeza, nawe ulisema kweli kuhusu rangi. Migebuka imepatikana wiki hii, mizuri, nilitamani ningekutumia lakini ingeharibika njiani.

Firdausi yupo. Namwona asubuhi akipita kwenda dukani, amejitanda vizuri, Swaumu mkononi. Nilimpelekea futari, sahani ikarudi imeoshwa. Hilali amemnunulia simu nyingine, nzuri kuliko ile ya kwanza.

Mengine tutazungumza nikija huko, Mungu akipenda.

Mdogo wako,
Mansuri


Kibondo,
2 Aprili 2024

Mansuri,

Sote wazima. Swali langu hukulijibu.

Mwanaamina


Kasulu,
12 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Idi imepita. Nilivaa kanzu mpya kwa sababu ile ya zamani siwezi tena kuivaa.

Ni mimi.

Jumatatu ileile aliponionesha ramani aliniomba twende wote. Alisema, "Mjomba, nikienda peke yangu itaonekana nimekwenda kumteka mke wangu. Kwenu mke anarudishwa na mtu wa kwao." Na ni kweli, ndivyo tunavyofanya. Baba alimrudisha shangazi hivyohivyo, na watu walimsifu. Nikakubali. Kwa hiyo nilipokaa Jumanne kukuandikia, nilikuwa nimeshakubali. Nilijua safari ni Alhamisi. Nilijua Esteri hafiki kwako kabla ya Jumamosi. Ile barua niliiandika ili siku moja niweze kusema kwamba niliandika.

Nilijiambia kwamba nikiwepo hakutakuwa na fujo. Njiani Hilali alisimamisha gari akamnunulia Swaumu mikate na maziwa, nami nikaona mwanamume anayejuta. Pale mlangoni alipoita mara mbili akakosa jibu, alinigeukia tu akaningoja. Nikasogea nikasema, "Firdausi, ni mimi, mjomba." Nikasikia komeo.

Alipofungua alinitazama mimi, Hilali hakumtazama. Hakulia. Aliniuliza, "Ni mama aliyekutuma?" Na mimi, Mungu anisamehe, sikusema hapana. Niliona nikisema hapana atafunga tena mlango. Akaingia ndani, akachukua begi, akatoka.

Sasa hanisalimii. Akipita mbele ya kibanda namwambia hujambo mwanangu, anatazama barabara. 

Mansuri


Kibondo,
28 Aprili 2024

Mansuri,

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Mara ya kwanza nilisema nitakujibu kwa kuja hapo kibandani nikutandike mbele ya wateja wako. Esteri alikuwa ameniwekea hata nafasi kwenye gari. Sikupanda.

Sikupanda kwa sababu na mimi nina langu.

Jumapili ile alipofika nilimwogesha mtoto, kisha nikamwambia Firdausi avue nguo nimsugue mgongo, kama nilivyokuwa nikimfanyia kabla hajaolewa. Akakataa. Nikamvua kwa nguvu, mtu mzima mwenye mtoto wake. Mgongo ulikuwa na mistari ya waya wa chaji, ya zamani na ya wiki ileile. Kila alipokaa mahali dakika ambazo Hilali hakuzielewa, alilipia jioni. Yule Sophie msusi, ile saa moja na nusu, iko pale begani, nimeiona.

Nami nikashika kalamu nikakuandikia kwamba hajamgusa.

Nilikuwa na aibu. Wewe ulisema asubiri amalize chuo, mimi nikasema mume mwenye adabu hivi hatumwachi apite. Niliwajibu hivyo watu wote. Nilishindwa kuandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba nilimpa mtu wa namna ile. Nikafikiri ukisikia ni mambo ya simu tu itatosha, utatusaidia kwa sababu ya simu.

Ungelijua lile la mgongo, ungekwenda na Hilali? Usinijibu. Nimeshajijibu kwamba usingekwenda, na jibu hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sijakusamehe. Lakini fanya jambo moja. Mwanangu ameishi humo wiki saba akijua kwamba mama yake ndiye aliyemtoa. Nikimpigia, Hilali anaweka sauti kubwa na wote watatu tunasikilizana. "Niko salama, mama." Namsikia anavyolitamka neno mama, kama anamsalimia mwalimu mkuu. Mwambie sikukutuma. Usitumie simu, usitume mtu, mwambie kwa mdomo wako.

Mwanaamina


Kasulu,
22 Mei 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Kama Firdausi yuko kwako, usiniandikie. Nipigie uniambie kuku wako wametaga, nitaelewa.

Naanza na Jumamosi. Alikuja kibandani mwenyewe, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, Swaumu mgongoni. Alisema anataka vocha ya kifurushi. Nilipokuwa naitafuta nikamwambia upesi upesi, kabla sijaishiwa nguvu: mama yako hakunituma. Akasema, "Najua, mjomba. Nilijua tangu kwenye gari. Mama angekuja mwenyewe." Sikuweza kumtazama. Kisha akauliza, "Mtu akiwa hana simu kabisa, anaonekana?" Nikamwambia hapana, haonekani. Akauliza, "Hata na mama yake?"

Nikamnyooshea ile vocha. Akaichukua, akaenda.

Juzi Jumatatu Hilali alikuwa Nyarugusu, soko la karibu na kambi ya wakimbizi, na mzigo wake wa vitenge. Siku nzima alimwona yuko nyumbani. Aliniambia mwenyewe: asubuhi nyumbani, mchana nyumbani, saa kumi nyumbani, mpaka akamsifu moyoni. Alipofika, simu ilikuwa kitandani, imechomekwa kwenye chaji, na kile kifurushi changu ndani. Chakula kimefunikwa mezani. Firdausi na Swaumu hawapo, na begi halipo. Majirani hawakuona kitu, au wameona na hawasemi. Stendi hakuna anayemkumbuka.

Jana niliitwa kituo cha polisi kwa sababu laini ile ya mwezi wa pili ina kidole changu. Wameniuliza yuko wapi. Nimesema sijui, na wameandika kwamba sijui. Hilali alikuja baadaye akakaa kwenye benchi. Nilimwambia, Hilali, inuka kwenye benchi langu. Ni neno dogo sana, dada, tena limechelewa, lakini nimelisema. Alinitazama, akainuka.

Kuku wako wametaga?

Mansuri


Kibondo,
2 Juni 2024

Mdogo wangu Mansuri,

Marahaba. Mvua imekatika na upepo wa kiangazi umeanza. Maharage yamekauka shambani na sina wa kunisaidia kuyapura. Asia nimesikia ana mafua, anywe maji ya tangawizi na aache kulala na dirisha wazi. Umefanya vizuri kumwinua yule mtu kwenye benchi. Nilisoma pale nikakuona ukiwa mdogo, umekunja ngumi nyuma ya mgongo.

Hakuna kuku aliyetaga. Hayuko kwangu. Kwa Niyomwungere hayuko, nilituma mtu kwa miguu. Muyama kwa binamu zetu hayuko. Sijui kama alivuka kwenda Burundi, sijui kama yuko Mwanza, sijui kama anakula.

Ijumaa Hilali alikuja na wazee wawili. Walikuwa wageni, nikawapikia. Aliniomba simu yangu aniwekee picha ya Swaumu, ile ya Idi. Nilikuwa na mwiko mkononi, wazee wananitazama, yeye anasema "mama, nisaidie angalau hilo." Nikampa. Alikaa nayo muda wa mimi kusonga ugali. Picha ameiweka, mtoto kapendeza. Alichokiweka kingine sikijui. Usinieleze, Mansuri, uliwahi kunieleza mambo ya simu. Evaristi pia asinieleze.

Aliniuliza yuko wapi, nikamwambia sijui. Kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze nilikuwa nasema kweli tupu, na hakuniamini. Nilimwona anatafuta usoni pangu kitu ambacho hakipo. Nilitaka kumcheka, nikajikuta nalia mbele yake, jambo ambalo nilikuwa nimeapa sitalifanya.

Wewe ungeniambia niitupe simu. Siwezi. Firdausi namba yangu anaijua kwa kichwa, ndiyo pekee anayoijua. Ikiita namba ngeni napokea na sisemi halo, nasikiliza kwanza kama kuna mtoto nyuma. Juzi ilikuwa mtu anamtafuta fundi bomba. Nilimshikilia kwenye simu, nikamwuliza anatoka wapi, ana watoto wangapi, mpaka akakata.

Kwa hiyo inakaa nami, inalala na chaji pembeni ya mto wangu, na nikienda sokoni inakwenda sokoni. Popote nitakapokwenda Hilali atakuwa anajua.

Endelea kuniandikia. Niandikie habari za Asia na za msikiti na za huyo mbunge wako wa kidato cha kwanza, nitazisoma zote. Lakini ukisikia Firdausi yuko wapi, hata kama mtu amekuhakikishia kwamba yu mzima, usiniambie. Mimi ni mama yake, nitakwenda.

Dada yako,
Mwanaamina